Namba ya Usajili Si Ushahidi: Barua ya Wazi Kuhusu Matangazo ya Virutubisho na Tiba Lishe

Kwa:
Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA)
Mkurugenzi Mkuu, Shirika la Viwango Tanzania (TBS)
Mwenyekiti, Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala
Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA)
Nakala: Tume ya Ushindani (FCC)

YAH: KUPIMA HOJA ZA MATANGAZO YA VIRUTUBISHO PAMOJA NA BIDHAA ZENYEWE

Waheshimiwa,

Naandika nikiwa mfamasia wa duka la dawa la rejareja mjini Morogoro. Wateja wengi wanaofika kaunta wamekwisha kusikia tangazo kabla ya kuniona, na wanachotaka kutoka kwangu ni uthibitisho tu. Kuhusu vidonge, unga na majani yanayouzwa kama virutubisho au tiba lishe, ni nadra kuulizwa kuna nini ndani yake au vilijaribiwa kwa nani. Swali linalokuja ni hili: "Mbona ina namba ya usajili?" Anayeuliza hivyo si mjinga. Amefundishwa, nanyi mkiwa miongoni mwa walimu wake, kwamba bidhaa isiyosajiliwa ni ya kuogopwa, akahitimisha kwamba iliyosajiliwa ni ya kuaminiwa katika kila inachodai. Hatua hiyo ya pili ndiyo yenye kosa, na ndiyo inayouza.

Ombi langu kwenu ni moja, ingawa lina matawi: kama mnavyoipima bidhaa, pimeni pia hoja inayotumika kuiuza.

Tangu Julai 2019, Sheria ya Fedha ya mwaka huo ilipohamishia TBS udhibiti wa usalama wa chakula na vipodozi, na iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina jipya la TMDA, kidonge cha kirutubisho huingia sokoni kwa mlango wa chakula. Kikiingia kwa mlango huo, maswali kinayoulizwa ni ya chakula: je, kina vijidudu, kina risasi au zebaki, lebo yake inataja viambato na tarehe ya mwisho wa matumizi? Ni maswali ya maana na nisingependa yaachwe. Ila hakuna hata moja kati yake linalohusu kisukari. Kisha tangazo linasomwa redioni asubuhi, na mtangazaji yuleyule aliyetoka kusoma salamu za wasikilizaji anasema kwamba kidonge hicho kinamaliza kisukari, presha, bawasiri, vidonda vya tumbo, tezi dume, PID (maambukizi ya via vya uzazi vya mwanamke) na UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) sugu, kwamba dozi ni ya mwezi mmoja, kwamba mikoani tunatuma kwa basi, na kwamba bidhaa imethibitishwa na Serikali. Mbele ya mkaguzi ni chakula, mbele ya mnunuzi ni dawa, na namba iliyotolewa kwa ajili ya chakula inasimamishwa kama shahidi wa dawa.

Pengo hili haliko kwetu peke yetu. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1994 inayoruhusu virutubisho kuuzwa bila kuthibitisha kwanza kwamba vinafanya kazi, kwa sharti kwamba dai la aina ya "husaidia afya ya moyo" liambatane na maelezo kuwa mamlaka ya chakula na dawa haijalipima dai hilo, na kwamba bidhaa haikusudiwi kutibu wala kuzuia ugonjwa wowote. Maelezo hayo huandikwa kwa herufi ndogo, na sidhani yanasomwa na wengi. Hata hivyo yapo. Kwetu, mahali ambapo Mmarekani anaambiwa kwamba serikali haijalipima dai, Mtanzania anaambiwa kwamba Serikali imelithibitisha.

Orodha ya magonjwa peke yake ilipaswa kumtia shaka anayeisikia. Kisukari kinahusu insulini, bawasiri ni mishipa ya damu iliyovimba, tezi dume hukua chini ya ushawishi wa homoni, na UTI husababishwa na bakteria. Kitu kimoja kinachodaiwa kuyamaliza yote kinawajibika kueleza kinapita njia gani, na matangazo hujibu kwa neno moja: sumu. Mwili umejaa sumu, bidhaa inaitoa, magonjwa yanaondoka. Hawasemi ni sumu gani, hupimwa kwa kipimo gani, ilikuwa kiasi gani kabla na imebaki kiasi gani baada ya dozi, wala kwa nini ini na figo, ambazo kazi yake ndiyo hiyo, zimeshindwa kwa mtu anayetembea na kula vizuri. Mwaka 2009 Tume ya Biashara ya Marekani iliwashtaki wauzaji wa plasta za Kinoki, zinazobandikwa kwenye nyayo usiku na kuonekana zimegeuka rangi asubuhi, eti kwa sumu iliyotoka. Unyevu wenyewe huzigeuza rangi. Jambo ambalo mnunuzi hakuambiwa alifanye, na lingemaliza mjadala jikoni kwake, ni kuidondoshea maji plasta ya pili ambayo haijawahi kugusa mguu wa mtu.

Nguzo ya matangazo haya, hata hivyo, ni ushuhuda, na ningependa tuutazame kwa utulivu kwa sababu mara nyingi anayeutoa hadanganyi. Chukueni bidhaa zinazouzwa kwa ajili ya kusafisha kizazi na kuzibua mirija. Mwanamke anasema kwamba walitafuta mtoto mwaka mzima bila mafanikio, wakatumia dozi mbili, na sasa ana ujauzito wa miezi mitano. Kila sehemu ya maneno yake inaweza kuwa kweli. Lakini miongozo ya tiba ya uzazi inayotumika Uingereza inaeleza kwamba, pale ambapo mwanamke hajafikisha miaka 40 na wenzi wanakutana mara kwa mara bila kinga, zaidi ya 80 kati ya kila 100 hupata ujauzito ndani ya mwaka wa kwanza, na miongoni mwa wanaobaki takriban nusu hupata ndani ya mwaka wa pili, bila kutumia chochote. Sasa tumfanyie muuzaji hesabu yake. Akiwauzia wenzi 200 waliomaliza mwaka wa kwanza bila mafanikio unga wa muhogo uliotiwa rangi, anaweza kutarajia mimba zinazokaribia 100 kabla mwaka mwingine haujaisha. Wenye mimba hizo watashukuru kwa dhati, wengine watatuma picha za watoto, na baadhi watakubali kuzungumza redioni bila hata kulipwa. Waliobaki hawatapiga simu. Watajilaumu, au ndugu wa mume watamlaumu mke, au wataambiwa kwamba hawakumaliza dozi.

Hilo la kutomaliza dozi lina ndugu yake, nalo ni maelezo kwamba ukiharisha, ukiumwa kichwa au ukivimba baada ya kutumia bidhaa, ujue dawa inafanya kazi na sumu zinatoka. Ukipona ni bidhaa, ukizidiwa ni bidhaa pia, usipopona ni wewe. Dai lililopangwa hivyo haliwezi kukanushwa na tokeo lolote, na kwa sababu hiyohiyo hakuna tokeo lolote linaloweza kulithibitisha. Mimi ningelitaka ofisa wa mamlaka anayepitia tangazo aanzie hapo: amwulize mwenye bidhaa ni matokeo gani, yakitokea, yatamfanya akubali kwamba bidhaa yake haifanyi kazi. Akikosa jibu, faili lirudishwe.

Na hasara ya ushuhuda wa namna hii haiishii kwenye fedha. Wapo wanawake ambao mirija yao imeziba kweli, kwa makovu ya maambukizi ya zamani, na hakuna unga unaoyaondoa. Kwa mwanamke mwenye miaka 36, miaka miwili ya dozi juu ya dozi ni miaka ambayo kliniki ya uzazi haitaweza kumrudishia. Mgonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza anayeshawishiwa kuacha insulini hana hata muda huo, kwani anaweza kuwa mahututi ndani ya siku chache.

Kuhusu presha ni suala la namba zaidi kuliko huruma. Shinikizo la damu hupanda na kushuka ndani ya siku moja, na mtu huamua kununua tiba lishe siku aliyopima na kushtuka. Siku ya kushtuka kwa kawaida ndiyo siku ya kilele, kwa hiyo kipimo kinachofuata kina uwezekano mkubwa wa kuwa chini, awe amekunywa kitu au hakunywa. Ndiyo sababu hatuanzishi dawa za presha kwa kipimo kimoja isipokuwa hali ikiwa mbaya, na ndiyo sababu ushuhuda wa "ilikuwa 180, wiki ya pili ikawa 150" hauthibitishi chochote. Hali ni hiyo kwa maumivu ya mgongo, mafua, pumu isiyo kali na fangasi wa ngozi: magonjwa yenye kupanda na kushuka ndiyo yanayojaa kwenye matangazo, na sioni kwamba ni bahati.

Kuna ushuhuda mwingine ambao ni wa kweli kwa namna ya kutisha. Bidhaa za nguvu za kiume, zikiwemo zile zinazoitwa mtaani vumbi la Kongo, husifiwa kwamba zinafanya kazi ndani ya saa moja, na sifa hiyo huchukuliwa kuwa ushahidi wa nguvu ya mmea. Mtaalamu anapaswa kuisikia kinyume chake. Mmea unaofanya kazi haraka na kwa uhakika kama kidonge cha sildenafili, dawa ya viwandani ya nguvu za kiume, una uwezekano wa kuwa umechanganywa na sildenafili yenyewe. Wachambuzi waliopitia maonyo ya mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ya miaka 2007 hadi 2016 walihesabu virutubisho 776 vilivyokutwa na dawa za viwandani zisizotajwa kwenye lebo. Karibu nusu yake vilikuwa vya nguvu za kiume, na vya kupunguza uzito vilikuwa takriban asilimia 41, vingi vikiwa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni huko mwaka 2010 kwa sababu ya madhara yake kwa moyo. Mzee anayetumia dawa za moyo za kundi la naitreti, akimeza sildenafili asiyoijua, presha yake inaweza kuporomoka hadi kumuua. Ameambiwa kwamba bidhaa ni ya asili asilimia 100, na kwamba cha asili hakina madhara. Kana kwamba uyoga wa porini na muhogo mchungu vilitengenezwa kiwandani.

Siku hizi wauzaji wamejifunza kusema "utafiti umethibitisha", na hapa ndipo ninapoziomba mamlaka ziwe na watu wanaosoma utafiti wenyewe. Mara nyingi uliopo ni wa chembe hai zilizowekwa kwenye sahani ya maabara, au wa panya waliopewa dondoo kwa kipimo ambacho mtu angekifikia kwa kula mlonge kwa kilo. Siki huua seli za saratani kwenye sahani, na maji ya moto pia. Kinachotakiwa ni kujua kama kitu kilichomezwa kinafika mahali penye ugonjwa, kwa kiasi kinachotosha, bila kumdhuru aliyekimeza, na kama waliokitumia walipona zaidi ya wenzao ambao hawakukitumia.

Tena hata hoja inayoonekana imekamilika inaweza kuanguka ikifika kwa watu. Wataalamu waliona kwamba wanaokula matunda na mboga kwa wingi hupata saratani ya mapafu kwa uchache, na kwamba vyakula hivyo vina beta-karotini, wakafikiri kwamba beta-karotini ikiwekwa kwenye kidonge italinda mapafu. Nadhani wengi wetu tungekubali. Nchini Ufini wanaume wavutaji sigara 29,133 walishirikishwa katika jaribio ambalo matokeo yake yalitoka mwaka 1994: waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya ambao hawakupewa. Jaribio jingine la Marekani lilisimamishwa kabla ya wakati wake mwaka 1996 kwa sababu lilikuwa linaonyesha jambo hilohilo. Vitamini E nayo ilitarajiwa kuzuia saratani ya tezi dume. Katika jaribio la wanaume zaidi ya 35,000, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba waliopewa vitamini E peke yake walipata saratani hiyo kwa asilimia 17 zaidi ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Haya yalikuwa madai ya wanasayansi waliofuata utaratibu, walioweka rekodi, na waliokuwa tayari kuumbuliwa na namba zao. Nikikumbuka hilo, sielewi ni kwa nini dai la mtu aliyebandika bango kituo cha daladala lipewe nafasi ya kuaminiwa bila kuulizwa lolote.

Fedha nazo hazigeuzi utafiti kuwa ushahidi. Kampuni ya juisi ya komamanga ya Marekani, POM Wonderful, ilitumia zaidi ya dola milioni 35 kufadhili tafiti, kisha ikatangaza kwamba juisi yake hutibu au kuzuia magonjwa ya moyo, saratani ya tezi dume na upungufu wa nguvu za kiume. Tume ya Biashara ilipoyachambua matangazo ilikuta kwamba kampuni ilizitangaza tafiti zilizoipendelea na kuzinyamazia nyingine, na mwaka 2015 mahakama ya rufani ya Washington ilikubali kwamba dai la kutibu au kuzuia ugonjwa linahitaji angalau jaribio moja linalogawa washiriki kwa bahati nasibu na kuwalinganisha na kundi lisilopewa bidhaa. Kipimo hicho kinaandikika katika mstari mmoja wa kanuni, hata wa kwetu.

Nisieleweke kwamba virutubisho vyote ni ulaghai. Vidonge vya madini ya chuma na foliki tunavyowapa wajawazito kliniki vina ushahidi mzito nyuma yake: jaribio lililochapishwa Uingereza mwaka 1991, kwa wanawake waliowahi kupata ujauzito wa mtoto mwenye mgongo wazi au kasoro za aina hiyo, lilionyesha kwamba foliki ikianza kutumiwa kabla ya kushika mimba hupunguza kwa zaidi ya theluthi mbili uwezekano wa tatizo hilo kujirudia. Matone ya vitamini A kwa watoto wa chini ya miaka mitano nayo yana msingi wake. Lakini matangazo huazima heshima ya ushahidi huo na kuivusha mpaka. Kwa kuwa upungufu wa zinki hudhoofisha kinga ya mwili, zinki zaidi kwa mtu asiye na upungufu itaongeza kinga. Kwa kuwa ukosefu wa vitamini fulani hudhuru macho, nyingi yake itaondoa miwani. Chumba chenye giza hunufaika na taa ya kwanza, na ya kumi haiongezi kitu ila bili ya umeme. Tofauti ni kwamba baadhi ya vitamini zikizidi huwa sumu, vitamini A ikiwemo, hasa kwa mjamzito.

Kwa TMDA nina jambo mahususi. Kuna mashine zinazotangazwa kama kipimo cha kompyuta cha mwili mzima: mteja hushika kipande cha chuma mkononi, na baada ya dakika moja au mbili kompyuta inachapa hali ya ini, figo, mifupa, kongosho na uzazi. Huduma hutolewa bure au kwa bei ndogo, na anayepima ndiye anayeuza. Mashine inagundua tatizo, bidhaa inatolewa, mteja anarudi baada ya mwezi, na mashine ileile inatamka kwamba ametengemaa. Katika mzunguko huo hakuna hata mahali pamoja ambapo mtu asiye na maslahi anapima kitu chochote, wala hakuna tone la damu au mkojo lililokwenda maabara. Vifaa tiba viko chini yenu kwa sheria. Gharama ya kuuchunguza ukweli wake ni nauli ya wakaguzi wawili: mtu mmoja apimwe mara mbili siku moja, kwa majina mawili, umri tofauti na uzito tofauti, na karatasi mbili zilinganishwe. Kisha mtu anayejulikana kuwa na ugonjwa wa figo uliothibitishwa maabara apimwe bila kusema lolote. Matokeo yatangazwe, yawe yoyote yatakayokuwa.

Kwa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa Sheria namba 23 ya mwaka 2002, najua lawama mtakayoniwekea, kwamba mfamasia anaitetea dawa ya kizungu. Dawa mseto ya malaria ninayoitoa kila wiki imetokana na mmea wa jamii ya pakanga, uliotajwa katika maandishi ya kale ya tiba ya Wachina. Tu Youyou, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo, alianzia kwenye mapokeo. Hakuishia hapo: dondoo za mwanzo hazikumridhisha, akabadilisha namna ya kukamua mmea kwa kutumia joto dogo, akajaribu kwa wanyama, kisha kwa watu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba haliungi mkono matumizi ya majani au chai ya mmea huohuo kwa malaria, kwa sababu kiasi cha dawa ndani yake hakitabiriki na mara nyingi hakitoshi. Heshima kwa mmea na kuukagua mmea vilikwenda pamoja. Muhimbili ina Taasisi ya Tiba Asili, iliyoanza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) ina wataalamu wake. Mganga mwenye mti unaotibu kweli ndiye anayeumizwa zaidi na soko la sasa, maana mti wake na unga wa muhogo vinatangazwa kwa sauti moja na kwa bei moja.

Tulikwisha kulipa ada ya somo hili mwaka 2011 huko Samunge, Loliondo, ambako marehemu Mchungaji Ambilikile Mwasapile alikuwa akigawa kikombe cha dawa ya mitishamba, iliyodaiwa kuponya magonjwa sugu, kwa shilingi 500 na magari yakapanga foleni ya kilomita nyingi. Hoja iliyokuwa ikirudiwa wakati ule ilikuwa ni umati: watu wote hawa hawawezi kuwa wamekosea, na viongozi nao wamekwenda. Bei ndogo ilikuwa hoja pia, kwamba asiyetafuta faida hawezi kukosea. Hakuna kati ya hayo linalopima wingi wa virusi katika damu, na waliosimamisha dawa za kufubaza VVU kwa ajili ya hoja hizo walikuwa wamefikiri kama walivyofikiri wengi waliowazidi elimu.

Nitaambiwa kwamba kupima madai ni ghali na nchi ina mambo mengi. Mwaka 1747, ndani ya meli ya Salisbury, daktari James Lind aliwachukua mabaharia 12 wenye kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C, akawagawa wawili wawili, akawapa kila kundi kitu tofauti, na machungwa na ndimu vikajitenga na vingine ndani ya siku chache. Kilichohitajika kilikuwa kulinganisha. Zaidi ya hayo, sisi hatuhitaji kuanza upya. Umoja wa Ulaya, chini ya kanuni yake ya mwaka 2006, ulipokea madai ya afya yapatayo 44,000, ukayaunganisha yakabaki takriban 4,600, na mwaka 2012 ukachapisha orodha ya madai 222 yaliyoruhusiwa. Mzigo haukuwekwa kwa serikali kuthibitisha kwamba dai ni la uongo. Aliyetaka kudai ndiye aliyeleta ushahidi. Orodha hiyo ipo hadharani. TBS na TMDA kwa pamoja zinaweza kuichukua kama mahali pa kuanzia, kuongeza yanayohusu mazingira yetu, na kuichapisha kwa Kiswahili, ili dai lolote lisilomo lisitangazwe mpaka mwenye nalo awasilishe jaribio lililolinganisha makundi ya watu, na jaribio lenyewe liwe limetumia bidhaa hiyo kwa dozi hiyo.

Wakati orodha ikisubiriwa, lipo linaloweza kufanyika bila mkutano mkubwa. Namba ya usajili au alama ya ubora isiruhusiwe kutajwa katika tangazo la kirutubisho isipokuwa ifuatwe na sentensi moja, kwa sauti na kasi ileile, isemayo kwamba usajili huo hauthibitishi kuwa bidhaa inatibu ugonjwa wowote. TCRA iwadai wenye vituo vya redio na televisheni nakala ya kibali cha kila dai la kutibu kabla halijasomwa, kwa sababu mtangazaji anapolisoma analitolea dhamana ya sauti ambayo wasikilizaji wameizoea kwa miaka. Na akaunti za mitandao zenye kuuza dozi kwa ujumbe wa siri zisihesabiwe kuwa ni mazungumzo binafsi. Ushuhuda wa kupona ugonjwa uondolewe kabisa katika matangazo, wa kweli na wa kutungwa, kwa kuwa msikilizaji hana njia ya kuwasikia wale ambao hawakupona. FCC nayo ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza mwenendo wa kumpotosha mlaji, na sheria hiyo haisubiri kuamuliwa kama kidonge ni chakula au dawa.

Nimekuwa nikirekodi matangazo ya redio yanayonihusu kikazi, pamoja na tarehe, saa na namba za usajili zilizotajwa ndani yake. Nitayawasilisha kwa ofisi yoyote kati ya hizi itakayoniandikia kwamba iko tayari kuyapokea, ili kila dai lilinganishwe na kile ambacho faili la usajili wake lilithibitisha.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mfamasia, Morogoro